SOMO LA AFYA: TOPE HUIMALIZA DAWA YA MAJI



Wengi wetu huchota maji chemchemini, bondeni. Mvua zikizidi, maji hayo hugeuka rangi ya udongo. Mtu hutia klorini, ile tunayoiita dawa ya maji, akidhani kazi imekwisha. Sivyo.

Klorini haichagui. Ikiingia majini hushika kila uchafu inaoukuta: udongo, majani yaliyooza, kinyesi. Tope likiwa jingi, dawa huishia humo, na vijidudu vya kipindupindu hubaki hai. Kwa hiyo yaache maji yatulie mpaka tope lishuke chini. Kisha yamimine polepole katika ndoo nyingine, ukichuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Ndipo utie dawa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti au chupa. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Usipongoja, ni kama hukutia kitu.

Halafu nusa. Harufu kidogo ya dawa ni dalili njema: klorini nyingine imebaki kuyalinda maji, hata mtoto akichovya kikombe kisicho safi. Wako wanaoyamwaga kwa sababu ya harufu hiyo, nao wanamwaga maji yaliyo salama kuliko yote nyumbani! Ukiyahamisha mara mbili tatu kutoka chombo hiki hadi kile, baada ya zile dakika 30, harufu hupungua.

Vijidudu vichache sana huistahimili klorini. Kwa mtoto mchanga au mgonjwa aliyedhoofika, heri kuchemsha, ijapokuwa kuni ni shida.

Tusilione jambo hili dogo. Julai 1994 wakimbizi walipofurika Goma, upande wa pili wa Rwanda, wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu yasiyosafishwa. Kipindupindu kilizuka, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Maji yalikuwapo tele. Yaliyokosekana ni maji safi. Karagwe nayo ilipokea wakimbizi mwaka huo huo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Chemchemi yetu huchafuka lini zaidi, na kwa nini?
2. Nyumbani kwako nani hutia dawa, naye hungoja muda gani?
3. Chombo cha maji ya kunywa kina mfuniko, au kila mkono huingia humo?