Kukausha matunda nyumbani Lushoto: jua tuliache, unyevu tuuchunge

Mwaka unapoelekea ukingoni, plamu za Usambara huiva zote kwa mkupuo. Ndoo zinajaa Soni, zinateremka hadi Mombo, zinanyanyuliwa mpaka kwenye madirisha ya mabasi, na zinazobaki jioni huuzwa kwa bei ya kutupa. Mwenye mti nyuma ya nyumba humgawia jirani, lakini jirani naye ana mti wake. Baada ya plamu huja mapichi na peasi, na hadithi ni ileile. Chakula kizuri kinaoza mbele ya macho yetu, na inauma, kwa sababu kukikausha si kazi ngumu.

Jua tu ndilo la kutotegemea. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna ukungu, mchana wingu, jioni manyunyu. Plamu iliyokatwa inahitaji siku kadhaa za jua kali mfululizo, na huku kwetu itaanza kuchacha kabla ya siku hizo kupatikana. Mtu wa Mombo, kule chini kwenye joto, anaweza kujaribu kuanika. Wa Magamba au Mlalo asijisumbue; atafute kaushio la umeme.

Kaushio hilo ni sanduku lenye kipasha joto, feni na trei zenye matundu, basi. Wengi hudhani ukungu wa mlimani utalishinda kama unavyolishinda jua. Hautalishinda. Hewa ya nyuzi 15 hata ikiwa imeshiba unyevu kabisa, ukiipasha hadi nyuzi 60 inakuwa na uwezo wa kubeba mvuke zaidi ya mara kumi ya ule ilionao, na mvuke huo inauchukua kwenye tunda. Sharti lake ni moja: hewa iliyobeba maji iwe na pa kutokea. Weka mashine karibu na dirisha lililo wazi kidogo, mbali na sufuria ya maharage inayotokota.

Chagua matunda yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Lililopondeka au lenye kuvu lisiingie hata ukilikata upande mbovu. Osha, kisha kata kwa kisu kisichoshika kutu. Ndizi, peasi na matofaa yawe vipande vya nusu sentimita, vyote unene mmoja. Visipolingana, vingine vitakuwa vikavu kama ubao wakati vingine bado vina maji. Matunda haya matatu hugeuka rangi haraka, kwa hiyo yaloweke dakika 10 kwenye maji yaliyochanganywa na juisi ya limau nusu kwa nusu, kisha yachuje.

Plamu ina mambo yake. Ngozi yake ina utando kama nta unaozuia maji kutoka. Zitumbukize plamu nzima kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha kwenye maji baridi; utando utalegea. Zipasue katikati, toa kokwa, halafu sukuma kila nusu kwa kidole gumba upande wa ngozi mpaka nyama ijitokeze nje. Kazi hiyo ndogo inapunguza saa nyingi za kukausha. Panga vipande upande wa ngozi ukiwa chini, visigusane.

Joto ni nyuzi 57 hadi 60. Usiongeze eti uwahi kumaliza. Moto ukizidi mwanzoni, sehemu ya nje inakauka na kuwa gamba, maji yanafungiwa ndani, na tunda linaloonekana kavu litaota kuvu baada ya wiki mbili. Vipande vya ndizi au tofaa vinaweza kuchukua saa 8 hadi 12, peasi zaidi kidogo. Nusu za plamu hufika saa 24 na pengine kupita. Ikiwa feni iko chini, hamisha trei za chini kwenda juu kila baada ya saa chache, maana zilizo karibu na feni hutangulia kukauka.

Tuseme na gharama. Mashine ya wati 500 ikiwaka saa 12 itakula uniti 6 za LUKU kwa kiwango cha juu kabisa. Kama uko kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kabla ya kukausha wiki nzima mfululizo. Na umeme ukikatika? Saa moja au mbili, acha mashine ilivyo, usiifungue. Ukikatika usiku kucha matunda yakiwa bado na majimaji, hamishia kwenye sufuria na upike jamu siku hiyohiyo.

Kujua kama yamekauka, toa kipande, kiache kipoe, kwa sababu tunda la moto hudanganya kwa ulaini. Kikate, kibinye. Kisitoe hata tone. Kiwe kinapinda bila kuvunjika. Kilo 10 za nyama ya plamu zitabaki kilo moja na nusu hivi. Yote yaliyopungua ni maji.

Hapa ndipo watu wa milimani hupoteza kazi yao. Tunda kavu likiachwa wazi kwenye hewa yetu linaanza kunywa unyevu usiku huohuo. Likishapoa tu, litie kwenye chupa za vioo zenye vifuniko vya kukaza, ujazo wa theluthi mbili. Tikisa kila siku kwa wiki nzima, ili vipande vikavu na vyenye unyevu vilingane. Ukiona matone ndani ya kioo, rudisha yote kwenye mashine. Wiki ikiisha salama, gawanya kwenye vyombo vidogo na uandike tarehe. Chupa moja kubwa inayofunguliwa kila siku haifiki mbali.

Baridi yetu, iliyotunyima jua, hapa inasaidia. Tunda kavu lililofungwa vizuri hukaa karibu mwaka kwenye nyuzi 16, lakini kwenye nyuzi 27 za pwani hukaa nusu ya muda huo. Kabati lenye giza Lushoto linalitunza vizuri kuliko duka la Tanga.

Parachichi usikaushe, mafuta yake huchacha. Pasheni liache kwenye juisi. Anayefikiria kuuza aanze na ofisi ya SIDO, imwelekeze njia ya kupata alama ya ubora ya TBS, shirika ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula.

Kwa mara ya kwanza usinunue ndoo tatu kwa sababu bei imeshuka. Mashine ndogo ya trei tano hubeba kilo mbili au tatu tu za vipande, na zinazosubiri zamu zitaoza. Nunua zinazotosha mzigo mmoja, zikate siku hiyohiyo.