Nasubiri hamu ya kazi irudi, hairudi

Shangazi, mimi ni fundi cherehani, nina miaka 38, naishi Mwanza na mke na watoto wawili. Tangu mwezi wa tatu sina hamu ya chochote. Usiku silali, mchana sitoki kitandani. Vitambaa vya wateja vimejaa kwenye mfuko, wanapiga simu, nimeizima. Mke wangu anasema ni uvivu, mama anasema nimerogwa. Nasubiri hamu irudi ndipo nirudi kazini. Kuna siku natamani nisiamke kabisa. Nifanyeje?
Fundi, Mwanza

Mwanangu, naanza na hilo la kutamani usiamke. Mwambie mkeo leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Kama unawaza kujidhuru usikae peke yako. Nendeni hospitali, hata iwe usiku. Na hata kama ni kutamani tu, nenda wiki hii ukaonwe na daktari. Huzuni ikipita wiki mbili, ikakunyang'anya usingizi na kazi, huenda ni sonona, na sonona ina tiba. Ukiandikiwa dawa, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Usizitupe siku ya tano, wala usiziache ghafla ukishajisikia vizuri.

Uvivu? Mvivu huufaidi usingizi wake. Wewe hata kulala kunakutesa. Kuhusu kurogwa sibishani na mama yako. Akuombee, dua na hospitali havigombani.

Sasa hiyo hamu. Wewe umeitanguliza, kazi ikaja nyuma. Kwenye sonona ni kinyume: mkono hutangulia, hamu ikafuata, tena kwa kuchelewa. Tazama mfuko wako. Kila siku usipougusa, aibu inaongezeka. Aibu ikiongezeka, unazima simu. Simu ikizimwa, hakuna mteja wa kukutania wala hela ya mboga, na kesho yake kutoka kitandani kunakuwa kugumu zaidi. Unakwepa ili upumzike, kumbe kukwepa ndiko kunakokuchosha.

Si maneno ya Shangazi tu. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake, huko Seattle, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa wa sonona waliogawanywa makundi matatu. Kundi moja lilisaidiwa tu kurudia shughuli zake. Mengine mawili yaliongezewa tiba ya kurekebisha mawazo. Lile la shughuli peke yake halikuachwa nyuma.

Usianze na mfuko mzima. Kesho saa tatu asubuhi (uiangalie saa, usiuulize moyo) oga, vaa shati la kutokea, toa kiti ukae nje juani. Kazi ya kesho imekwisha. Keshokutwa toa kitambaa kimoja, piga pindo moja, dakika kumi basi. Hutafurahia, nakuambia mapema. Piga hivyo hivyo. Kisha fungua daftari lako la vipimo kurasa za nyuma, uandike ulichofanya na moyo ulikuwaje, kuanzia sifuri hadi kumi. Ukiona siku uliyopita kijiweni kunywa kahawa, alama ya mbili imekuwa nne, rudi kijiweni. Na kama unakunywa pombe ili ulale, mweleze daktari bila kuficha.

Wateja je? Zimbabwe kuna mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006: akina bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi, nje ya zahanati. Bibi hamtumi mgonjwa kumaliza matatizo yote. Humsaidia kuchagua moja na kupanga hatua ya kulitatua. Nawe chagua mteja mmoja. Washa simu, umpigie, au mkeo ampigie: "Fundi alikuwa anaumwa, nguo yako tunaishughulikia." Hapo hakuna uongo. Wengine watafoka, ndiyo, na wawili watatu watachukua vitambaa vyao. Mzigo utapungua.

Mkwe wangu, najua nawe unasoma. Hilo neno uvivu liache. Lakini usimfanyie kila kitu kama mtoto: mwombe ampeleke mdogo shule, akununulie nyanya gengeni. Akirudi amechoka, usimuulize kama amepona. Na wiki mbili zikipita hata kukaa nje kunamshinda, msingoje tarehe ya kliniki, rudini hospitali.