Tuujaribu Mchanga Kabla ya Kulipa



Sisi wa Kibera na Kawangware tunaujua uchungu wa kujenga. Mtu anaweka pesa kidogo kidogo, mkokoteni unaleta mchanga, fundi anapiga plasta. Mvua za Aprili zikifika, plasta inapasuka na kuanguka vipande vipande. Hapo tunamlaumu fundi, au tunasema simiti ilikuwa mbaya. Kumbe mara nyingi kosa liko kwa mchanga: haukuwa mchanga mtupu.

Chembe na majina yake

Vitu ambavyo maji ya mvua hubeba hupewa majina kwa ukubwa wa chembe:

- Changarawe: zaidi ya milimita 2.
- Mchanga: kutoka milimita 2 hadi karibu 0.06. Ukiusugua vidoleni unakwaruza.
- Tope laini: kutoka 0.06 hadi 0.002. Likikauka ni kama unga.
- Mfinyanzi: chini ya 0.002. Ukilowa unanata, ukikauka unapasuka.

Maji yenyewe huzitenga chembe hizi. Tuangalie mtaro wowote wa Kibera baada ya mvua. Maji yakikimbia sana huacha mawe na changarawe tu. Yakipunguza mwendo, mchanga unashuka. Tope na mfinyanzi husafiri mpaka maji yatulie. Hii ni sababu moja Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 hapo chini ya Kibera, limejaa tope.

Jaribio la chupa

Kazi hiyo ya maji tunaweza kuifanya nyumbani:

1. Koroga kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita ya maji. Chumvi hufanya mfinyanzi ushikane na kushuka upesi.
2. Chukua chupa safi inayoonyesha ndani, iliyonyooka pande zote. Tia mchanga mpaka nusu, kisha maji ya chumvi mpaka yaupite mchanga vizuri.
3. Funga, tikisa sana, weka mahali pasipotikisika kwa saa 3.
4. Pima kwa rula. Mchanga utakuwa chini, tope na mfinyanzi juu yake.

Kipimo cha wajenzi ni hiki: tope lisizidi sehemu 8 kwa kila 100. Yaani mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 10, tope lisipite milimita 8.

Kwa nini tusipuuze? Mfinyanzi huzipaka chembe za mchanga, simiti ikakosa pa kushika. Tena unataka maji mengi, na ukikauka unanywea. Hapo ndipo nyufa huanzia.

Tope likizidi, usikubali mzigo. Kama umeshalipa, uoshe mchanga na kuujaribu tena. Pia tusimwage mchanga juu ya ardhi tupu. Udongo mwekundu wa Kawangware una mfinyanzi mwingi, na sepetu huuchota pamoja na mchanga. Tandika mabati ya zamani kwanza. Na mchanga wa mtaroni tuuache, maana umechanganyika na uchafu wa choo.

Maswali ya kikundi

1. Kila mmoja alete mchanga kidogo kutoka anakonunua. Ni upi una tope zaidi?
2. Tukinunua pamoja, tutakubaliana vipi na muuzaji kwamba tutaujaribu kabla ya kulipa?