Fiqhi ya Uwindaji: Mshale Utoboe, Usiponde

Mwenzangu mmoja hapa Kigali aliniuliza: uzito wa mshale una uhusiano gani na halali?

Jibu limo katika Hadithi ya Adiy bin Hatim (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mnyama aliyetobolewa na ncha ya mshale huliwa. Aliyepigwa kwa ubavu wake akafa haliwi. Huyo amekufa kwa kipigo, naye ametajwa miongoni mwa walioharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 3.

Sasa tuangalie uzito. Mshale mwepesi hukimbia sana, lakini hupoteza nguvu upesi na huweza kuishia juu juu. Mshale mzito huenda polepole, ila huzama ndani. Kwa upinde wa kisasa wenye mvuto wa kilo 27 hivi, mshale usipungue gramu 20. Wawindaji wengi huchagua 26 hadi 30, wenye chembe kali.

Basi wewe mwindaji, chagua mshale utoboao, sema Bismillahi unapoufyatua, na ukimkuta mnyama yu hai, mchinje. Wallahu a'lam.