Kuunga na Kuziba Fremu ya Picha: Somo la Kazi za Mikono kwa Darasa la Sita

Mwalimu mwanafunzi aendaye shuleni kwa mazoezi ya kufundisha aghalabu huchukua picha alizozichora kwa jasho. Muhula ukiisha, picha hizo zimejikunja, zimeliwa na mende au zimechanika penye misumari. Fremu huziokoa, na kazi ya kuiunda ina hesabu ya kutosha vipindi vitatu.

Tuchukue kioo cha sentimeta 20 kwa 30. Tafuta mbao mbili nyembamba za mti laini, zenye urefu wa sentimeta 130 na unene wa sentimeta 1. Ya mbele iwe na upana wa sentimeta 3, ya nyuma 2.3. Zigandishe pamoja kwa gundi nyeupe ya mbao, kingo za nje zikilingana. Hivyo utapata ngazi ya milimeta 7 ya kukalia kioo, bila kuhitaji randa ya kuchimba mfuo, ambayo shule nyingi hazina. Mninga hupendeza, lakini ni mgumu kwa mikono ya watoto.

Gundi ikikauka, kata vipande vinne kwa mshazari wa nyuzi 45: viwili vya sentimeta 35 na viwili vya 25, vikipimwa kwenye ukingo wa nje. Waulize wanafunzi: mzingo ni sentimeta 120, mbona tulitaka 130? Waache wagundue wenyewe kwamba msumeno nao hula mbao, na msasa vilevile. Kisha wahesabu mikato, ni minane. Kila mmoja ukipungua uzi 1 tu, kona ya mwisho itaachama kwa nyuzi 8. Sijaona njia bora ya kufundisha jinsi kosa dogo linavyojikusanya.

Paka gundi kwenye kona, zungushia fremu kamba, uikaze kwa kuisokota na kijiti. Gundi ikiwa bado mbichi, pima kutoka kona moja hadi kona inayoielekea, kisha pima kona mbili zilizosalia. Vipimo vyote viwili viwe karibu sentimeta 43. Visipolingana, fremu imelala upande. Isukume taratibu hadi vilingane.

Kuziba ndiko kunakodharauliwa, nami nililipa kwa dharau hiyo. Nilipokuwa mwalimu mpya niliitia katika fremu picha pekee ya marehemu baba yangu. Niliilaza moja kwa moja juu ya kioo, nikaziba mgongo kwa uji wa unga wa ngano, siku ya masika. Baada ya miezi michache mende walikuwa wameula uji, na unyevu ulikuwa umeigandisha picha kiooni. Nilipoivuta, uso wa baba ulibaki kwenye kioo. Mama hakusema neno. Alikifunga kioo katika kanga, akakiweka sandukuni.

Kwa hiyo funga fremu siku kavu, na kila kitu kiwe kimekauka. Safisha kioo, kisha weka juu yake kadibodi iliyokatwa dirisha katikati. Kadibodi hiyo si pambo: ndiyo itengayo picha na kioo. Hufuata picha, iliyoshikizwa upande wa juu tu ili ipate kutanuka, kisha kadibodi nzima ya mgongo. Pigilia misumari midogo kwa ubavu ndani ya mbao, ikilala juu ya kadibodi. Mkono mwingine uizuie fremu kwa nje, ama sivyo kona zitaachana. Ziba mwanya kwa ukanda wa karatasi yenye gundi, halafu funika mgongo wote kwa karatasi ya khaki, iliyokatwa milimeta 3 ndani ya ukingo isije ikaonekana. Usitumie uji wa unga hata kidogo.

Mwisho, gandisha vijipande viwili vya mpira wa ndala kwenye kona za chini, kwa nyuma. Hivyo fremu itajitenga kidogo na ukuta, na hewa itapita.