Kuipima deal.II

Swali: Nimekwisha kuisakinisha maktaba ya programu iitwayo deal.II, nitajuaje kuwa imekaa sawasawa, na mbona programu yangu yaenda mwendo wa kobe?

Jibu: Ingia katika mfano uitwao step-3, uandike cmake . kisha make run. Na endapo usakinishaji umetimia, utaonyeshwa vipande 1024, kwani mraba mmoja umegawanywa kwa nne mara tano, pamoja na vigeu 1089, yaani nukta 33 kwa 33. Ama uzito wa mwendo, sababu yake ni hali ya ukaguzi, ambamo kila faharasa huhakikiwa. Nami nakusihi usiihame kwa pupa, maana hufichua makosa ambayo hali ya kasi huyapitisha kimya, hata ukapata jawabu batili lenye sura ya haki. Ukisharidhika, hamia hali hiyo ya kasi: andika make release, kisha make run.