Pombe ya Mtama na Bia ya Dhahabu: Ulimi Waonja Nini?

Mzee wa Mandewa, Singida, aliyezoea pombe ya mtama, akionjeshwa bia ya dhahabu ya Kiingereza, iliyopata umaarufu tangu miaka ya 1980, huenda akauliza: “Mbona ni chungu, wala haina uchachu?” Swali lake ni la kisayansi. Katika vyombo vyote viwili, vimeng’enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Lakini katika pombe ya mtama hufanya kazi pia bakteria watoao asidi ya laktiki. Bia ile hutiwa maua machungu ya hopsi. Rangi, kwa kweli, ni habari ya moto tu: kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa nyuzi 80 hivi za Selsiasi hutoa dhahabu, kikikaangwa zaidi ya 200, weusi.

Jambo moja ulimi hauligundui. Nafaka iliyoota ukungu yaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haina ladha, wala kuchemsha na kuchachusha hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumu hiyo, katika mahindi, iliua watu mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Basi mpika pombe akague mtama ghalani, kabla ya kuuloweka.